Mapafu yanaumwa, miguu inalegea: majibu ya maswali yenu

Daktari, kinachoumwa ni mapafu. Mbona miguu ndiyo inayonilegea nikipanda ngazi?

Kwa sababu ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa (COPD) hauishii kifuani. Ukiishiwa pumzi kila ukitembea, unapunguza kutembea. Paja lisilofanya kazi hunywea, likinywea huchoka upesi na kutoa asidi ya laktiki mapema, na asidi hiyo hukulazimisha kuhema zaidi. Basi unakaa tena. Hiyo ndiyo sababu kubwa, lakini ina wenzake: uchochezi (hali ya mwili kuwaka kama unapambana na jeraha) unaozunguka mwili mzima, oksijeni kupungua damuni, kukonda, na sigara, ambayo huumiza misuli yenyewe bila kusubiri mapafu yaharibike. Ndani ya paja, nyuzi za misuli zinazostahimili kazi ndefu hupungua, zikabaki kwa wingi zile zenye nguvu za ghafla zinazochoka haraka.

Mikono huchelewa kudhoofika. Ndiyo maana mgonjwa anakusalimia kwa mkono wenye nguvu, kisha hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono hiyohiyo. Daktari anayesikiliza kifua tu bila kumtazama mgonjwa akiinuka hajamaliza kumpima. Hata waliopandikizwa mapafu mapya, wengi bado huangushwa na miguu.

Nipumzike kwanza hadi pumzi itulie, ndipo nianze mazoezi?

Swali hili linaletwa kila mara, na jibu langu halijabadilika: hapana. Unaposubiri pumzi itulie, paja linazidi kuisha. Siku chache tu za kulala kitandani ugonjwa ulipolipuka, yaani ulipozidi ghafla, zinatosha kupunguza nguvu za miguu, na wengi hawazirudishi kwa sababu ndugu wenye huruma wanawaletea kila kitu kitandani.

Programu ya mazoezi tiba ya wiki 6 hadi 8 haibadilishi kipimo cha mapafu, lakini mtu hutembea mbali zaidi na huhema kidogo kuliko awali. Kuhema wakati wa mazoezi si hatari kwa kuhema kwenyewe. Simama ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au midomo kugeuka rangi ya bluu. Moyo na oksijeni vipimwe kwanza, halafu uanze: kaa kitini, kunja mikono kifuani, simama, kaa. Ukichoka pumzika kidogo, kisha endelea. Pumziko ni sehemu ya zoezi, mradi lisigeuke kuwa siku nzima.

Natumia sigara mbili tu kwa siku. Nazo zinahesabika?

Zinahesabika.

Nasikia prednisoloni inakula misuli. Niache vidonge?

Usiache ghafla! Prednisoloni ni steroidi, dawa ya kutuliza uchochezi. Ukiwa umevimeza vidonge hivyo kwa muda mrefu, tezi zako za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zimezoea kutofanya kazi, na kuacha ghafla kunaweza kukuangusha vibaya. Ni kweli vikitumika muda mrefu hudhoofisha misuli, hasa ya mapaja na mabega. Ugonjwa ukilipuka, dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa siku kwa siku 5, basi. Ninaowagombeza ni wale wanaoweka akiba ya vidonge na kujimezea kila kifua kinapobana. Dawa ya kuvuta yenye steroidi ni jambo jingine, maana kinachofika damuni ni kidogo. Usiiache kwa hofu ya vidonge.

Unga wa protini utanirudishia misuli?

Kama umekonda, kula vya kutosha, protini ikiwemo, ni sehemu ya tiba. Unga bila mazoezi unanenepesha muuzaji.

Na kiwambo cha kupumulia, ule msuli ulio chini ya mapafu, nacho kinanywea kama paja?

Chenyewe hakina nafasi ya kukaa bure. Kinafanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo nyuzi zake huelekea upande wa ustahimilivu, kinyume na paja. Tatizo lake ni mkao: hewa iliyonaswa mapafuni hukisukuma chini hadi kikawa bapa, na msuli uliokwisha kufupishwa hauvuti vizuri.

Nikivuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, mara nyingi mikono hutetemeka, na siku hizi mwili wote hauna nguvu.

Kutetemeka ni kawaida. Kulegea mwili mzima sikupendi. Dozi kubwa za salbutamoli hushusha potasiamu, madini yanayohitajiwa na misuli na moyo, hasa ukichanganya na prednisoloni au dawa za kukojosha, na potasiamu ikishuka misuli hulegea na moyo unaweza kwenda mrama. Kapime damu leo, usisubiri siku ya kliniki. Na umwambie daktari wako unavuta mara ngapi kwa siku, idadi ya kweli.