Homoni baada ya mimba kuharibika mara kwa mara: maswali yenu, majibu yetu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa akina mama waliopoteza mimba zaidi ya moja na wanaotaka kujaribu tena. Poleni sana. Karibu wote wanauliza watumie homoni gani, lakini swali linalotangulia hilo ni: kimepungua nini mwilini, na kinahitajika lini? Tumejibu kwa kufuata hapo.

Mimba zangu mbili zimeharibika mfululizo. Nimeambiwa nisipime chochote hadi itoke ya tatu. Nisubiri?

Hapana, dada. Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza huhesabu kuanzia mimba tatu, lakini mwongozo wa ESHRE, chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, huanza na mbili, na sisi tunaona mbili zinatosha kuanza kutafuta chanzo. Omba upimwe tezi ya thairoidi (kwa kipimo cha damu kiitwacho TSH), sukari ya miezi mitatu (HbA1c) na kingamwili zinazogandisha damu, kisha upigwe picha ya ultrasaundi kuangalia umbo la kizazi. Kingamwili hupimwa mara mbili, vipimo vikiachana wiki 12 au zaidi, na ni vizuri cha kwanza kifanyike wiki sita hivi baada ya mimba kutoka.

Kipimo hicho cha kingamwili usikiache. Ukithibitishwa kuwa na tatizo hilo, tiba yake ni aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, pamoja na sindano za heparini mimba ikishapatikana. Projesteroni, yaani homoni inayoutayarisha na kuutunza utando wa kizazi kwa ajili ya mimba, peke yake itaacha chanzo palepale.

Na ikitokea nyingine imetoka, Mungu apishe mbali, omba kinyama chake kipimwe kromosomu, yaani vibeba urithi vya seli. Kiwekwe kwenye kopo safi lenye maji ya chumvi ya hospitali, kisiwekwe kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia sampuli, kwa sababu formalini huua seli na maabara haitaweza kuziotesha. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema, au zaidi, zina kasoro ya kromosomu, na hizo hakuna homoni ingeziokoa.

Nilipima projesteroni siku ya 21 ikawa chini. Ndicho chanzo?

Namba hiyo peke yake haitoshi. Yai likishatoka, kifuko lilimokuwamo hubaki kwenye ovari na kuanza kutoa projesteroni, lakini huitoa kwa vipindi. Damu ikichukuliwa asubuhi na kurudiwa saa chache baadaye inaweza kutoa majibu yanayopishana mara kadhaa. Tena siku ya 21 inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Kama wako ni wa siku 35, kipimo kinapaswa kuwa siku ya 28, yaani siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kinachojulikana hapo ni kama yai limetoka au la.

Projesteroni ikiwa chini wakati tayari una mimba, mara nyingi ni matokeo, si chanzo. Mimba iliyokwisha kukwama haitumi tena ishara ya kukiamsha kile kifuko, nacho hunyamaza.

Mmoja ananiambia projesteroni inaokoa mimba, mwingine anasema ni kupoteza pesa. Nani mkweli?

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, maana wanazungumzia hali mbili tofauti.

Utafiti wa PROMISE, uliotoka 2015, ulihusisha wanawake 836 ambao mimba zao zilikuwa zikitoka bila sababu kujulikana. Waliwekewa projesteroni, au dawa bandia isiyo na projesteroni, tangu kipimo kiliposoma mimba hadi wiki ya 12. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 65.8 kwa projesteroni na asilimia 63.3 kwa dawa bandia, tofauti isiyotosha kusema dawa ilisaidia. Soma namba hizo kwa upande wa pili pia: hata waliopewa dawa bandia, zaidi ya nusu walipata mtoto.

Utafiti mwingine, PRISM wa 2019, uliwachukua wanawake 4,153 waliokuwa wakitokwa na damu katika mimba changa. Kwa wote pamoja tofauti ilikuwa ndogo. Lakini miongoni mwa waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, asilimia 72 walijifungua mtoto hai kwa projesteroni dhidi ya asilimia 57 kwa dawa bandia. Ndiyo maana tangu Novemba 2021 mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaelekeza projesteroni kwa mwanamke mwenye mambo mawili kwa pamoja: aliwahi kupoteza mimba, na sasa anatokwa na damu huku ultrasaundi ikionyesha mimba imo ndani ya kizazi. Dozi ni miligramu 400 ukeni, asubuhi na usiku. Mapigo ya moyo yakithibitishwa, anaendelea hadi atimize wiki 16.

Picha lazima itangulie, kwa sababu damu inaweza kutokana na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Damu ikija na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kwenye bega, au kizunguzungu, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu kuiweka: nawa mikono, lala chali au chuchumaa, sukuma kidonge cha projesteroni ndani kadiri kidole kinavyofika, kisha ulale dakika 10 hadi 15. Usiku kiweke ukiwa tayari kitandani. Maji meupe mazito yatakayotoka baadaye ni nta ya kidonge iliyoyeyuka, dawa imeshafyonzwa, kwa hiyo usiongeze kingine. Vaa pedi nyembamba. Damu ikiwa nyingi, vidonge vingi vya aina hii vinaweza kuwekwa njia ya haja kubwa, ila soma karatasi ya dawa yako kwanza. Ukisahau, weka unapokumbuka. Ikiwa muda wa kinachofuata umekaribia, ruka kilichopita, usiweke viwili. Matiti kuuma, tumbo kujaa, choo kuwa kigumu na usingizi ni mambo ya kawaida. Yanafanana sana na dalili za mimba, basi usiyatumie kupima kama mimba inaendelea.

Natumia projesteroni kila mwezi, hedhi imechelewa siku nne. Nina mimba?

Pima mkojo kabla ya kusema lolote, kwa maana projesteroni yenyewe huchelewesha hedhi. Pima kabla ya kuacha dawa. Ikiwa ulidungwa sindano ya kutoa yai yenye hCG, homoni ileile inayosomwa na kipimo cha mimba, subiri siku 14 tangu sindano, la sivyo kipimo kitaisoma sindano na kukudanganya.

Jingine: ukianza projesteroni kabla yai halijatoka, inaweza kulizuia lisitoke. Anayehesabu siku 14 kwa mazoea, huku yai lake hutoka siku ya 20, anajifungia mlango kila mwezi. Na anayetumia didrojesteroni, dawa ya maabara inayofanya kazi kama projesteroni, asishangae kipimo cha projesteroni kikibaki chini, kwani kipimo hicho hakiisomi dawa hiyo.

Nina upungufu wa homoni ya thairoidi. Natafuta mimba, nifanye nini?

Hapa homoni ina kazi ya wazi. TSH ishuke chini ya 2.5 mIU/L kabla hujaanza kutafuta. Meza levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi ya vidonge, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Madini ya chuma na kalsiamu yapishe saa nne. Vidonge vya wajawazito vikimezwa pamoja nayo huizuia isifyonzwe, na TSH hupanda bila mtu kujua kwa nini. Kipimo kikisoma mimba, hitaji la dawa huongezeka mara moja. Kubaliana na daktari wako mapema, wengi huongeza vidonge viwili kwa wiki, yaani tisa badala ya saba, kisha TSH hupimwa kila wiki nne hadi katikati ya mimba.

Kama TSH ni ya kawaida ila una kingamwili za thairoidi tu, utafiti wa TABLET wa 2019 haukuona faida ya kumeza dawa hii.

Rafiki yangu amepewa klomifeni. Nami niombe?

Klomifeni na letrozoli hutoa yai kwa asiyetoa. Kama hedhi yako haikosi na unashika mimba bila shida, tatizo lako haliko hapo, na klomifeni huweza hata kufanya utando wa kizazi uwe mwembamba.

Nikiacha projesteroni wiki ya 12, si mimba itatoka?

Haitatoka kwa sababu hiyo. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 kondo la nyuma huchukua kazi ya kutengeneza projesteroni, na kufikia wiki ya 12 linatengeneza ya kutosha na kuzidi. Huna haja ya kupunguza kidogokidogo. Ila ukipewa kwa ajili ya damu, fuata zile wiki 16.

La kuchunga ni kinyume chake: mimba ikifa, projesteroni inaweza kuchelewesha damu, ukakaa wiki kadhaa ukidhani mambo ni mazuri. Kwa hiyo anayeitumia apigwe ultrasaundi wiki ya 6 au ya 7, irudiwe siku 7 hadi 14 baadaye kama moyo haujaonekana, na ikithibitika hakuna mapigo, dawa iachwe siku hiyohiyo.