Jibu: Chumba na sato Mwanza, ukiwa na watoto

Dada, umeuliza mtalala wapi na watoto wawili kwa siku tatu, na sato mzuri mtamjuaje. Kwa watoto ningechagua eneo la Capri Point: pametulia, na boti za kisiwa cha Saanane ziko jirani. Gesti za karibu na stendi ni nafuu, ila kelele za mabasi huanza alfajiri. Kabla ya kulipa, fungua bomba, kisha kunjua chandarua chote ukikague kwenye mwanga. Tundu dogo linatosha kupitisha mbu, na malaria huku ipo mwaka mzima.

Sato mchague mwenyewe akiwa mbichi. Funua shavu: matamvua yawe mekundu, yakiwa ya kijivu na yananata, mwache. Bonyeza mgongo, nyama irudi yenyewe. Bei hufuata ukubwa wa samaki, kwa hiyo kubalianeni kabla hajaingia kwenye mafuta. Mkubwa achanjwe mbavuni hadi karibu na mfupa, la sivyo ngozi inakauka huku ndani pabichi. Dagaa wa kubeba nyumbani, nendeni soko la Mwaloni, Kirumba.

Na tafadhali, watoto wasioge ziwani hata maji yakionekana safi. Kichocho huingia kupitia ngozi.