Jibu: Koti la mvua la jeshi linanata, nifanyeje?

Mkuu, hilo koti la kijivu ulilookota kwenye mitumba ya Mwanjelwa, la jeshi la huko Ulaya, ligeuze ndani nje kwanza. Kama utando ni mwembamba wa plastiki na unabanduka magamba, unyevu umeshaula, hakuna dawa. Ukwangue wote, kitambaa kifunikie magunia ya viazi.

Kama ni mpira mzito, bado lina maisha, hata kwa mvua za Tukuyu. Lioshe kwa maji ya baridi na sabuni ya kipande, lianike kivulini maana jua hupasua mpira, kisha lipake poda ya mtoto pande zote. Mafuta ya taa na grisi usisogeze kabisa, mpira utavimba. Vitobo ziba kwa solusheni na kiraka cha mafundi baiskeli: kwaruza kwa msasa, paka, subiri hadi solusheni isishike kidole, ndipo ubandike na kugandamiza. Usilikunje, litundike.

Lingekuwa la madoamadoa kama sare za jeshi letu nisingekushauri hata kulitengeneza. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya kijeshi.