Jibu: Mwenzangu kavunja jagi la blenda yangu, nani alipe?

Salaam ndugu. Nimekuelewa: mmepanga watatu Chumbageni, hapa Tanga, mmoja kateleza na jagi la blenda yako akiosha vyombo, wewe wataka blenda mpya, yeye asema ni bahati mbaya.

Kwanza jaribu mota. Ikizunguka, usidai blenda nzima. Jagi huuzwa peke yake. Zunguka madukani Ngamiani na kitako cha blenda mkononi, maana meno ya chini ya jagi yasipoingia sawasawa umetupa hela.

Mimi nilikaa na wenzangu wanne Barabara ya 12, na tulivunjiana sana: chupa za chai, sahani, hata kioo cha dirisha. Tulikubaliana ukivunja cha mwenzio unalipa, hata kama hukukusudia, ila kwa thamani ya kitu kilichokwisha tumika. Cha wote, tunachanga.

Lakini kwako umesema juisi mlikunywa wote. Hapo ningegawa kwa tatu, nawe ukiwemo. Kumtwisha peke yake aliyejitolea kuosha ni kumwonea kabisa, na kesho hakuna atakayegusa sinki.

Zungumzeni leo usiku ana kwa ana, si kwenye kundi la WhatsApp.