Bia ya pipa inatoa povu tupu

SWALI: Baa yetu ya mtaani inauza bia ya pipa kutoka kiwanda kidogo. Nusu ya glasi hujaa povu. Tupunguze gesi?

JIBU: Gesi msiiguse kwanza. Mara nyingi kosa ni joto: bia ikipata joto, gesi iliyoyeyuka ndani yake hutoka kwa fujo. Pipa likifika, likae kwenye ubaridi saa 24 kabla ya kuunganishwa; bia imiminwe ikiwa na nyuzi 3 hivi. Mpira wa kupitishia bia, ule unaopita nje ya friji, ufunikeni, maana bia ya glasi ya kwanza hupata joto humo. Bomba lifunguliwe lote kwa mara moja. Likifunguliwa nusu, povu haliepukiki. Na vipovu vikinata kwenye kuta za glasi, hapo kuna mafuta, pengine ya chipsi. Ioshwe upya.