Shinikizo lipi la hewa kwa unga mkavu?

Ndugu yangu, umesema D90 ya unga wako (ukubwa ambao asilimia 90 ya unga, kwa ujazo, ni chembe ndogo kuliko huo) inashuka kila ukiongeza shinikizo la hewa inayotawanya unga kwenye mashine ya leza ya kupima ukubwa wa chembe, na hujui usimame wapi. Usichague namba inayokupendeza. Kushuka huko kuna sababu mbili tofauti kabisa: ama madonge yanaachana, jambo unalolitaka, ama chembe zenyewe zinavunjika, na hapo unapima kitu ulichokitengeneza mwenyewe.

Mashine peke yake haikuambii ni ipi. Pima unga uleule kwa baa 0.5, 1, 2, 3 na 4, kisha upime tena ndani ya kimiminika kisichouyeyusha, ukiwa umetawanyika vizuri. Shinikizo ambalo matokeo yake yanalingana na ya kimiminika ndilo la kufanyia kazi. Matokeo yakitulia kwenye hatua mbili tatu mfululizo ni dalili nzuri, ila si ushahidi kamili. Tazama pia kwa hadubini, hasa kama chembe zako ni fuwele nyembamba ndefu. Hizo huvunjika upesi mno. Ukiona D10 (ukubwa ambao asilimia 10 tu ya unga iko chini yake) inaendelea kushuka wakati D90 imetulia, shuku uvunjikaji.

Halafu sampuli. Wengi huchota kijiko juu ya chupa, nami nakusihi uache: chombo kikitikiswa, chembe ndogo hupenya kwenda chini. Tumia kigawanyio kinachozunguka, yaani kifaa kinachogawa unga katika mafungu yanayofanana, na fungu utakalopata lipite lote kwenye mashine, si nusu. Unga uliofyonza unyevu ukaushe kwanza, mradi joto haliubadilishi.