The Kiss Quotient: nimekipenda, kimenikera, na mama kampa mtoto

Mdogo wangu uliyeuliza kama The Kiss Quotient ni riwaya ya maana au ni "matusi yenye jalada zuri" kama alivyokwambia rafiki yako wa chuo, ngoja nikujibu kwa kirefu maana mimi nimekisoma mara 2, ya kwanza kwa siku mbili nikiwa nimelala na mafua, ya pili kwa hasira, natafuta ni wapi hasa kilianza kunikera.

Rafiki yako hajadanganya, matusi yapo, tena siyo yale ya "wakazima taa, kulipokucha..." Hapa taa haizimwi. Kama hizo huziwezi basi achana nacho tu, hakuna anayekulazimisha.

Stori kwa kifupi: Helen Hoang kakitoa 2018, mambo yako California. Stella ana miaka 30, kazi yake hesabu za uchumi, hela anayo na kazi anaipenda mpaka wikiendi yuko ofisini, ila mwanaume akimgusa anakauka kama gogo. Ana usonji, ile autism, yaani sauti, mguso na kuzoeana na watu kwake ni tofauti na kwetu. Mama yake anadai wajukuu. Basi Stella akawaza vile anavyowaza kazini, kitu usichokijua unatafuta mwalimu unamlipa, akakodi mwanaume anaitwa Michael, baba Mswidi mama Mvietnamu, ambaye kila Ijumaa usiku anajiuza, yaani tuseme dada poa wa kiume, na anafanya hivyo kwa sababu mama yake anaumwa na bei ya matibabu ya kule Marekani mnaijua. Mzuri huyo kaka, Stella mwenyewe anamfananisha na staa wa tamthilia za Kikorea.

Sasa kilichonikamata. Stella anamletea Michael mpango wa masomo kaandika kabisa, na vibox vya kutiki, kama mwalimu wa zamu. Na ukiuliza kuhusu denda anasema linamkumbusha wale samaki wadogo wanaosafisha meno ya papa, nilicheka mpaka kikohozi kikarudi. Ila ile siku ya kwanza hotelini Stella amelala anasubiri "ipite", na Michael anaona kabisa huyu dada kakaza mwili, anaacha. Anaacha kweli! Pesa kapewa na anaacha, anaanza kumuuliza, hapa vipi, hivi unapenda, hivi hupendi, tupumzike? Kurasa nyingi za mwanzo ndo hivyo, maswali.

Nikakumbuka kitchen party yangu. Mimi nimefundwa, tena vizuri, makungwi wawili wa Kitanga walikaa na mimi siku nzima kabla ya shughuli yenyewe, nikafundishwa kutandika, kufukiza udi, kukata kiuno, kumwogesha mume, kumpokea akirudi kachoka, kumsoma akinuna. Namshukuru kila mmoja, mengine yamenisaidia hadi leo. Ila siku nzima ile, na mafungu yote ya khanga niliyopewa, hakuna aliyeniuliza wewe mwenyewe unapenda nini. Hata mimi sikujiuliza. Nimeolewa 2014, swali hilo nimekutana nalo kwenye riwaya ya Kimarekani nikiwa na mafua. Nilifunga kitabu nikakaa tu natazama neti.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema zile sehemu za sita kwa sita ni uchafu tu namwambia hapana, zile za mwanzo ndo stori yenyewe. Ukiziruka hujasoma kitu.

La pili, hili la kwangu binafsi. Dada yangu ana mtoto mwenye usonji, ana miaka 9, ukimvalisha shati lenye lebo shingoni ni vita, na harusini spika zikifunguliwa anaziba masikio anaingia chini ya meza, ndugu wanasema kadekezwa. Mama yangu ni fundi cherehani, yeye hakusoma chochote kuhusu usonji, alichofanya ni kumgeuzia mtoto mashati, mishono na nyuzi za ovaloki akazifunika kwa kitambaa laini, basi, vita vikaisha. Sasa humu ndani Stella naye hawezi nguo inayomkwaruza, na Michael kumbe ni fundi nguo, familia yake ina duka la kufua na kushona! Mtu anayependwa kwa kushonewa nguo isiyomuumiza, hiyo mimi ilinimaliza kuliko yale mambo yote ya kitandani. Na mwandishi anajua anachosema, yeye mwenyewe alipimwa akaambiwa ana usonji 2016, wakati bado anafanya utafiti wa hiki kitabu.

Kuna ile sehemu Stella kapelekwa ukweni, tivii inapiga kelele, piano inalia, watu wanaongea kwa pamoja, chakula kimepashwa kwenye vyombo vya plastiki, na yeye kwa nia njema kabisa anamwambia mama mkwe plastiki siyo salama. Jamani. Fikiria uende kwa mama mkwe Kigamboni umkosoe yale makopo ya siagi anayohifadhia mboga. Nilisoma hapo nimejifunika shuka usoni.

Haya, kero zangu. Kuanzia katikati zile sehemu zinajirudia. Walishaelewana, walishafundishana, lakini bado kila baada ya kurasa chache wanavuana, na hakuna jipya linalosemwa, mara ya pili nilikuwa naruka tu kama matangazo. Halafu Michael anakuwa mtu asiyechoka, asiyekuwa na siku mbaya, mwanaume gani huyo, wangu akirudi na foleni ya Mbagala anataka ugali na kimya.

Na pesa. Hapa ndo hasira yangu. Mwanzo kitabu kinauliza swali zito, mtu uliyemlipa utajuaje anakupenda, na yeye atajuaje humnunui? Nikakaa sawa nisubiri majibu. Mwisho wake utajiri wa dada ndo unalainisha njia, na hilo swali linabaki pale pale kama mgeni aliyesahaulika sebuleni. Kule kuachana kwao kabla ya mwisho nako kungeisha kwa dakika tano za kuongea, kila mmoja anajiona hafai, Stella kwa usonji wake, Michael kwa umaskini na jina baya la baba yake, na hawasemi! Watu walioulizana kila kitu chumbani wameshindwa kuulizana sebuleni. Labda mwandishi ndo alitaka tuone hivyo, lakini mimi naona alikuwa anatafuta kurasa za kujaza.

Ukikipenda kuna viwili vinafuata, cha 2019 kinamhusu Khai, binamu wa Michael, naye ana usonji, na cha 2021. Anza na hiki.

Onyo moja. Hizi riwaya siku hizi jalada linachorwa kama katuni, wapenzi wawili wamekumbatiana basi, hujui kilichomo. Mama alikikuta mezani kwangu akaona picha nzuri, akakiweka kwenye begi la shule la binti wa kaka yangu, darasa la sita, "ajifunze Kiingereza". Nilikikuta huko Jumapili jioni naangalia madaftari, alikuwa kafika ukurasa wa 8 tu kwa kukunja pembe, asante Mungu Kiingereza chenyewe kigumu.

Nakala yangu ipo, ukija Dar nitafute inbox. Nimeivika kava la kaki, na juu nimeandika Hisabati.